Mtini wangu wa roshani umezaa

Nianze na habari ya nyigu, maana ndiyo iliyonichelewesha mwaka mzima. Nilipokwenda kutafuta mche wa tini hapa Mombasa, muuza miche mmoja aliniambia, "Mama, tini haizai bila nyigu wake, na huku Pwani hayupo. Utaambulia majani tu." Nikamwamini, nikarudi nyumbani na mdimu. Baadaye ndipo nikajua kuwa maneno yake ni ya kweli kwa aina kama Smyrna. Brown Turkey, aina nyingine ya tini, huzaa yenyewe, haihitaji mdudu wala chavua. Bado inaniuma nikikumbuka.

Mche wa Brown Turkey niliupata Nairobi, ukaja kwa basi umeviringishwa gazeti bichi. Kama mia sita hivi, na nauli ya mzigo tuseme elfu moja. Nikaupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, roshani ya ghorofa ya tatu, upande unaopigwa na jua tangu adhuhuri hadi magharibi. Matundu chini toboa mengi, usione huruma na ndoo.

Kisha likaja shauri la mbolea ya yurea. Jirani aliniapia kuwa kijiko kimoja kila wiki kingenipa tini haraka. Nilichopata ni majani mapana kama sahani za pilau na matawi marefu, laini, yaliyopita ukingo wa roshani. Tini hata moja. Kusi ilipoanza kuvuma, matawi mawili yakakatika usiku mmoja. Nililia, sioni haya kusema. Yurea nikaitupa, nikayapunguza matawi yote kwa theluthi, nikatia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Ukikata, vaa glavu: ule utomvu mweupe ukipigwa na jua juu ya ngozi unatoa malengelenge, na mkono wangu wa kushoto una alama mpaka leo.

Tini hutoka kwenye tawi changa, kwapani mwa jani. Siku moja nikaona kidoa cha kijani kama punje ya mbaazi, kisha cha pili. Zikafika ukubwa wa gololi, zikagoma. Mwezi ukapita na zaidi, ngumu vilevile. Kunguru nao walishaanza kuja kutua ukingoni, nikashona mifuko ya chandarua kuukuu, nikazivisha moja moja.

Shemeji yangu aliyekaa miaka mingi Maskati ndiye aliyenipa siri: paka jicho la tini mafuta ya zeituni. Tone moja tu kwa ncha ya kijiti, kwenye kile kitundu cha chini. Ila ungoje mpaka jicho lianze wekundu, maana ukiwahi, tunda litadondoka. Sikutaka kusadiki tu. Tawi moja lilikuwa na tini nne za rika moja. Nikapaka mbili, nikazifunga uzi mwekundu, mbili nikaziacha. Kila alfajiri baada ya sala nilikuwa roshani na tochi. Siku ya tatu, hakuna. Siku ya tano zile za uzi zilikuwa zimevimba karibu maradufu, rangi imeingia hudhurungi, shingo zimelegea zinaning'inia. Zile nyingine bado gololi; zilikawia karibu wiki mbili zaidi.

Usichume kabla shingo haijainama. Tini haiivii kabatini kama embe.

Ya kwanza nilimpelekea mama. Alipoambiwa nimeipaka mafuta ya zeituni, alisoma palepale aya ya Kurani, "Wat-tini waz-zaituni," yaani naapa kwa tini na zeituni, akanyamaza kidogo. Akaipasua kwa vidole. Ndani nyekundu, imejaa punje ndogo, tone la asali limetoka kwenye jicho. Akala nusu, nusu akanirudishia.

Msimu huu nimehesabu kumi na tisa.