Nilivyoifuata Beni Hadi Lamu

Basi lilitoka Mombasa alfajiri, likapita Malindi, Garsen na Witu, na jua lilikuwa limeshapinda tulipoingia Mokowe. Hapo gari unaliacha. Unapanda boti, na kabla ya nusu saa kwisha mji wa Lamu umesimama mbele yako, punda wakiwa wamejipanga gatini.

Nilikwenda kwa ajili ya beni tu. Ngoma hii ya gwaride, yenye tarumbeta, madaha na sare za kijeshi, ilizuka mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, na mji mdogo wa Lamu ulikuwa miongoni mwa vitovu vyake. Kabla ya kupanda basi nilipitia Kengeleni, kule Kisauni, ilipo kengele ya Freretown. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, nacho kilikuwa na bendi yake ya tarumbeta. Vijana wa mjini walisikia, wakatamani, wakaunda zao.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba beni ilikuwa kuwaiga Wazungu, basi. Asubuhi ya pili niliingia makumbusho ya Lamu nikasimama mbele ya siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Hizi zilipulizwa kwenye sherehe za wakubwa na arusi za watu wa nasaba karne kadhaa kabla ya bendi yoyote ya jeshi kushuka pwani. Mji uliokuwa na siwa ya shaba haukufundishwa na mgeni kwamba heshima hutangazwa kwa baragumu. Na mashindano je? Mkomani na Langoni, pande mbili za mji huu, zilikuwa zikishindana kwa ngoma na kwa mashairi tangu zamani. Beni iliwapa mavazi mapya ya ugomvi wao wa kale.

Jioni nilipelekwa kwenye baraza ya mzee mmoja wa Mkomani ambaye baba yake alipiga beni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. "Ndoo, mwanangu, keti," akaniambia kwa Kiamu chake, akaagiza kahawa. Alisimulia vyeo: jenerali, kapteni, kila mtu na nyota zake begani, na mtu aliyebeba mizigo mchana kutwa usiku akapigiwa saluti. Alisimulia ng'ombe waliochinjwa ili upande wa pili ukose la kusema. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma yao wenyewe, na maneno yao, alisema, yalikata kuliko ya wanaume.

Kisha akaleta kitu kilichofungwa kanga. Lilikuwa tarumbeta. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani kwenye mikunjo, ila pale baba yake alipokuwa akilishika palikuwa pamelainika na kung'aa hadi leo. Vibonyezo vilikuwa vitatu. Cha katikati kilikuwa kimeganda. Nilipitisha kidole mdomoni mwa tarumbeta nikahisi pengo dogo. Sikuweza kusema neno.

Beni hiyohiyo ilishuka Tanga na Dar es Salaam, ikawa Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyoshindana. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaisukuma bara pamoja na askari na wapagazi, hadi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kule wasio na tarumbeta walichukua kibuyu, wakakitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke kama ya shaba, na ngoma ya malipenga ikazaliwa. Nilimweleza mzee habari ya utando wa buibui. Alikaa kimya kitambo, akaniomba nirudie.

Usiku ulipoingia alianza kupiga mwendo wa gwaride kwa viganja juu ya goti, polepole, na mjukuu wake wa miaka sita hivi akainuka akaufuata kwa miguu pale uchochoroni, mikono imenyooka. Hakuna aliyemfundisha mbele yangu.

Nilipoaga, mzee alinishika mkono. "Kesho nenda Langoni ukawasikilize na wao. Watakwambia walitushinda. Andika walivyosema, lakini usiwaamini."

Asubuhi nikashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nikaelekea Langoni.