Siku moja maishani mwangu: kijana mmoja, mianya miwili

Saa 11 alfajiri. Naamka hotelini, mji mdogo wa chuo katikati ya Marekani. Ni Jumanne ya Novemba na vioo vya gari vimeganda barafu. Mimi ni skauti wa timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani. Kazi yangu ni kuzunguka vyuo nikiwatazama vijana wa mwaka wa mwisho, kisha kuiambia timu nani atatufaa kwenye drafti ya Aprili, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Natazama wachezaji wa kila nafasi, lakini moyo wangu uko kwa walinzi wa mstari wa mbele, wale wanaoinama mkono mmoja ukiwa umegusa nyasi. Shuleni Kenya nilikuwa propu wa raga, mmoja wa wale wa mstari wa mbele. Hadi leo jicho langu huenda kwao kabla ya kuufuata mpira.

Saa 1 asubuhi. Chumba cha video. Tuko maskauti wanne wa timu tofauti. Tunajuliana hali, tunaulizana habari za watoto na za barabara, lakini jina la mchezaji halitamki mtu.

Kijana niliyemfuata ana kilo 134. Msimu huu amemwangusha kwotabaki, yule anayerusha mpira, mara 2 tu, na kwa wengi hapo ndipo habari yake inapoishia. Mimi nataka kwanza kujua aliagizwa kufanya nini.

Kati ya kila wachezaji wawili wa mstari wa timu yenye mpira kuna mwanya. Kuna makocha wanaomwambia mlinzi: huu ni wako, upenye kabla hawajakushika. Kuna wanaomwambia: mkabe aliye mbele yako, usiyumbe, linda mwanya wa kulia kwake na wa kushoto mpaka uone mpira unakoelekea. Huyu wa pili hasifiwi na mtu jukwaani. Anabeba uzito wa watu wawili ili lainibeka, mlinzi aliye nyuma yake, apite bila kuguswa. Vince Wilfork, aliyechaguliwa wa 21 na timu ya New England kwenye drafti ya 2004, aliifanya kazi hiyo miaka mingi akiwa na zaidi ya kilo 145, na timu nzima ilisimama juu ya miguu yake. Aaron Donald alikuwa na kilo 129 hivi alipotoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 2014, na wengi walimwona mdogo. Timu ya Rams ilimchukua wa 13, ikamwachia apenye, akawa Mlinzi Bora wa ligi mara 3. Wabadilishe kazi hao wawili na sidhani kama tungewakumbuka hivi.

Saa 3. Bado video. Nimeondoa picha ya pembeni, nawatazama kutoka nyuma ya lango, maana huko ndiko mikono na miguu huonekana vizuri. Chuo hiki kinapanga watu watatu mbele, wamebanana katikati, na kijana wangu husimama kwenye bega la ndani la mchezaji wa pembeni. Mchezo baada ya mchezo anafyonza watu wawili na kuziba njia. Hapigi hatua mbele hata moja, kwa sababu hakuagizwa.

Basi natafuta zile nafasi chache alizoachiwa apenye, hasa jaribio la tatu kati ya manne, wapinzani wakiwa na yadi nyingi za kwenda. Katika mechi mbili nimepata 9, na nimezirudia zote mpaka kahawa imepoa. Mara 6 mguu wake wa kwanza umetua kabla gadi, mzuiaji anayemkabili, hajainuka. Mikono inaingia kifuani mwa mwenzake, kiuno kiko chini. Raga ilinifundisha hilo: aliye chini ndiye anayemwinua mwenzake. Udhaifu ninaouona ni kwamba akizuiwa mara ya kwanza hana njia ya pili. Anasukuma tu.

Saa 6 mchana. Sandwichi, kisha kocha wa mazoezi ya nguvu. Baada yake mzee anayetunza vifaa, ambaye mimi simpiti kamwe, kwa kuwa anajua nani hurudisha taulo na nani huitupa chini. "Huyu hunisaidia kubeba," ananiambia. Naandika.

Saa 9 alasiri. Mazoezini, baridi kali. Leo simtazami akicheza, namtazama akitembea: vifundo vya miguu, upana wa mapaja, jinsi anavyogeuka. Kwenye zoezi la kuzunguka nguzo anapinda bila kupunguza mwendo. Namnong'oneza kocha wake wa mstari: je, mngemwachia apenye? Anajibu bila kusita, "Angefurahi. Ila mimi namhitaji hapo alipo." Simlaumu. Kazi yake ni kushinda Jumamosi.

Saa 1 usiku. Hotelini, ripoti. Msimu uliopita timu yetu ilibadilisha kocha wa ulinzi. Tuliacha mtindo wa mtu mmoja kulinda mianya miwili, sasa kila mmoja na mwanya wake, na nusu ya maandishi yangu ya zamani ikawa haina kazi. Iliniuma, kwani nilikuwa nimewaandika vizuri vijana waliotufaa jana.

Majina ya mifumo nayo hudanganya. Kocha wa ulinzi Wade Phillips alipofika timu ya Houston mwaka 2011 alipanga watatu mbele, mpangilio ambao wengi waliuhusisha na kushikilia na kusubiri. Yeye aliwaachia wapenye. J.J. Watt, aliyechaguliwa wa 11 mwaka huohuo, akawaangusha makwotabaki mara 20.5 katika msimu wake wa pili. Ndiyo maana siandiki "anafaa watatu" au "anafaa wanne". Naandika kazi yenyewe.

Saa 3 usiku. Bosi anapiga. "Mara 2 tu?" anauliza. Namtumia zile video 9. Kimya kirefu, nasikia akizirudia. "Mikono yake ina urefu gani?"

Simdanganyi kwa kukadiria kwa macho. Namwambia tusubiri vipimo vya Indianapolis, ambako ligi huwapima vijana wa drafti, mwishoni mwa Februari, na kwamba mwaka wa kwanza utakuwa wa kumfundisha njia ya pili. Natoa alama mbili: ya ligi ni ya kati, ya mfumo wetu iko juu zaidi. Kisanduku cha mikono nakiacha wazi.

Kesho chuo kingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Naweka kengele ya saa 10 alfajiri.