Mzunguko mzima ulizidi, nusu ikatosha

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani hapa Moshi. Mwenye cherehani akilalamika kwamba mshono unaruka, mafundi wengi hukimbilia kukaza na kulegeza uzi. Mimi huanza chini: ndoana ya shatoli inakutana na sindano wakati wake? Kama hapo hapajakaa sawa, uzi utauchezea mpaka jioni. Ajabu ni kwamba kwenye helikopta yangu ya rimoti niliisahau kanuni hiyo kwa wiki tatu nzima.

Ni helikopta ya ukubwa wa 450, mapanga yake yana urefu wa mm 325. Sevo tatu, yaani mota ndogo zenye mkono unaogeuka, zinasukuma kwa vijiti vitatu vya chini swoshipleti, ile sahani ya kwenye shafti inayopanda, kushuka na kuinama. Kutoka kwenye sahani, vijiti viwili vinapanda hadi kwenye mapanga na kuyageuza. Niliiangusha, nikabadilisha shafti iliyopinda, na tangu siku hiyo ikawa inatetemeka na mkia unachezacheza.

Kosa lilikuwa kwenye sevo moja. Niliporudisha mkono wake niliukosesha jino moja la shafti ya sevo, ukakaa umeinama, nami nikaja kuusawazisha kwa rimoti. Kijiti cha rimoti kikiwa katikati, sahani ilionekana imelala vizuri kabisa. Nikikipandisha hadi mwisho, sahani inainama upande, kwa sababu mkono ambao haukuanza kwenye digrii 90 hausafiri sawa na wenzake. Huwezi kuliona hilo ukitazama pale katikati tu.

Basi nikaanza upya. Nilichomoa nyaya za mota kwanza, na hili nalisema kwa uzito: mapanga haya yakizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha zake zinakimbia karibu km 380 kwa saa. Yanakata mkono. Nikafuta marekebisho yote kwenye rimoti, nikavua mikono ya sevo na kuirudisha kwenye jino lililo karibu zaidi na digrii 90. Vijiti vitatu vya chini nikavipima kwa venia, kutoka kigololi kinachoshika ncha moja hadi kigololi cha ncha nyingine, vikawa sawa. Hapo ndipo nikapanda juu, nikaweka kipimo cha pembe kwenye kila panga: sifuri katikati, digrii 11 juu, digrii 11 chini.

Jumamosi alfajiri, kabla ya upepo, tukaenda uwanjani na kijana ninayemfundisha kazi. Panga moja nilikuwa nimelifunga utepe mwekundu nchani, ili tuone kama mapanga yote mawili yanapita kimo kimoja. Tukasimama hatua kumi na zaidi, nikaiinua kidogo, yeye akachuchumaa kutazama ukingo wa duara.

“Fundi, jekundu liko juu.”

“Juu kiasi gani?”

“Kama unene wa kidole. Naona mistari miwili.”

“Sawa. Usisogee, mwanangu, mpaka isimame kabisa.”

Kwenye mashine yangu, kufupisha kijiti kunashusha panga. Nilibandua kichwa cha plastiki cha kijiti cha panga jekundu kutoka kwenye kigololi kwa koleo yake maalumu (koleo ya kawaida inakitanua, halafu kinalegea), nikakikaza mzunguko mmoja. Nyuzi za skrubu ya M2, yenye unene wa mm 2, zinasogea mm 0.4 kwa mzunguko, na kwa mkono mfupi wa panga, hiyo inazidi digrii moja. Tukajaribu tena: jekundu sasa liko chini. Nikalegeza nusu mzunguko. Nusu inawezekana kwenye vichwa hivi kwa kuwa vinafanana pande zote mbili. Vile vya chini vina herufi upande mmoja na herufi lazima itazame nje, kwa hiyo huko ni mzunguko mzima tu.

Mara ya tatu kijana hakusema kitu. Nikamwuliza anaona nini.

“Mstari mmoja, fundi.”

Nikaiacha isimame hewani, usawa wa macho, dakika nne. Mkia haukucheza hata kidogo. Nilipoishusha nilibandua vichwa vyote kimoja kimoja na kuvizungusha kwa vidole juu ya vigololi vyake. Kimoja cha chini kilikuwa kigumu, kinasita kabla ya kugeuka. Nimekitenga, leo usiku nakibana taratibu kwa koleo kikiwa juu ya kigololi chake mpaka kigeuke chenyewe kwa uzito wa kijiti.