Nilivyofuatilia njia ya askari wa Keya aliyetekwa vitani

Familia moja ya Kakamega ilitaka kujua babu yao, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Uingereza) katika Vita vya Pili vya Dunia, alitekwa wapi na lini. Mzee mwenyewe alifariki zamani. Kilichobaki ni nishani tatu, picha iliyofifia, karatasi ya kuachiwa jeshi iliyokunjwa mara nne, na kauli inayorudiwa kila msiba: alikaa kambi ya mateka miaka minne. Wengine husema alitekwa na Wajapani, wengine na Waitaliano. Naeleza nilivyoishughulikia, kwa sababu familia nyingi za huku Magharibi, Kisumu na Nakuru zina mzee wa aina hiyo na huanza kumtafuta kwa upande usiofaa, yaani kwa jina.

Jina halifiki mbali. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia, na mara nyingi askari aliingizwa kwa jina moja tu, kisha la baba yake likitanguliwa na s/o (son of, mwana wa). Wanyama mwana wa Wekesa walikuwa wengi. Kinachomtenga mtu na wenzake ni namba ya jeshi, na namba hiyo huwa na herufi mbele, mkwaju (/), kisha tarakimu. Nakili zote pamoja. Ukiacha herufi umebaki na tarakimu ambazo askari wa koloni jingine anaweza kuwa nazo pia. Namba huonekana kwenye karatasi ya kuachiwa, nyuma ya picha za studio, kwenye bahasha za barua, ndani ya kifuniko cha sanduku la bati, na kwenye kile kitambulisho cha shingoni kama kipo.

Karatasi iliyokaa imekunjwa miaka sabini huvunjika penye mkunjo. Naifungua msimu wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, si mchana wa Januari. Naipiga picha karibu na dirisha bila mwanga wa simu, pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu. Palipoandikwa kwa penseli na kufutika, chumba kikiwa na giza, naweka tochi ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Penseli hubonyeza karatasi, na ile mifereji hutoa kivuli. Wino uliopauka hauinuki kwa njia hiyo. Usipeleke karatasi ya namna hii kuwekewa plastiki ya moto, na usiiunge kwa selotepu: gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha. Nishani nazo zisisuguliwe.

Nishani za Uingereza za vita vile zilitolewa kwa askari wa Keya bila jina, kwa hiyo zenyewe hazithibitishi mwenyewe ni nani. Za Vita vya Kwanza ni tofauti: ukingoni mwake mna namba, jina na kikosi, na ni vizuri kuzitazama kwa lenzi. Za mwaka 1939 hadi 1945 zinasomeka kwa utepe. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mpana mwekundu katikati, na ilihesabia utumishi kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943. Nyota ya Burma ina buluu iliyokoza, nyekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa. Mzee wetu alikuwa na ya Afrika, hakuwa na ya Burma. Hilo lilipunguza nguvu ya habari ya Wajapani, lakini halikuizima, maana nishani hupotea, huuzwa, na watoto huzichezea. Wala usitafute nishani ya kutekwa. Uingereza haikutoa kitu kama hicho kwa vita vile.

Kazi kubwa ilikuwa kalenda. Kila habari ya kutekwa naiweka mbele ya tarehe zinazojulikana, nione kama inapita.

Habari ya Wajapani: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kifaru, ilipigana bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya 1944 na kufika mto Chindwin mwisho wa mwaka huo. Japani ilisalimu amri Agosti 1945. Singapore ilipoanguka Februari 1942 hapakuwa na batalioni ya Keya. Kwa hiyo askari wa Keya aliyetekwa Burma alikaa mwaka mmoja, au chini. Miaka minne haiingii hapo.

Habari ya Waitaliano: Italia iliingia vitani 10 Juni 1940. Julai mwaka huo Moyale ilizingirwa, na kikosi cha Keya kilichokuwa ndani kikatoka usiku. Uvamizi wa kujibu ulianza mapema 1941: Mogadishu ilichukuliwa Februari, Addis Ababa Aprili, na ngome ya mwisho, Gondar, ikasalimu amri 27 Novemba 1941. Mateka aliyeshikwa mpaka wa kaskazini na kubaki Somalia au Uhabeshi hakuweza kupita Novemba hiyo akiwa mikononi mwao. Miaka minne haiingii hapa pia.

Ndipo nikauliza swali ambalo familia huwa hazilipendi: katika kambi hiyo, mzee alikuwa upande gani wa seng'enge? Kenya ililetewa maelfu kwa maelfu ya mateka wa Kiitaliano baada ya 1941. Walikuwa na kambi Londiani, Eldoret, Gilgil, Naivasha, Nanyuki na kwingineko. Kanisa dogo la kando ya barabara ya Mai Mahiu ni kazi ya mikono yao. Askari wa Kiafrika ndio waliolinda. Mtu anaweza kusema maisha yake yote kwamba alikaa kambi ya mateka, na kila neno likawa kweli, ilhali bunduki ilikuwa mkononi mwake.

Karatasi yake ya kuachiwa ilionyesha aliandikishwa 1939, akahamishwa kikosi mwishoni mwa 1941, akaachiwa 1945. Pengo la miezi kati ya 1940 na 1941 halikuwa na maandishi. Kwa binti yake mkubwa sikuuliza mwaka. Niliuliza vitu: "Mama, mzee alipoondoka, nyumba ya nyasi ilikuwa hii au ile ya bondeni? Nani alienda bomani kuchukua pesa zake? Ziliwahi kukatika?" Askari walikuwa wakiachia jamaa zao sehemu ya mshahara, ikalipwa kupitia ofisi ya DC (mkuu wa wilaya), na mama wa nyumbani hukumbuka mwezi aliorudi mikono mitupu kuliko anavyokumbuka vita. Akasema alisimuliwa na mama yake kwamba zilikatika, barua nazo zikakoma, kisha baba akaja likizo amekonda, kabla ya ile njaa kubwa. Njaa hiyo ni ya 1943. Kwa wazee wa umri wa juu zaidi ninatumia nzige wa 1931, dhahabu ya Kakamega ya miaka hiyohiyo, au tetemeko la Januari 1928 kwa watu wa upande wa Nakuru. Kwa Wabukusu, mwaka wa kutahiriwa hauna mjadala: huwa ni mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mzungumze na mama peke yake kwanza. Wajukuu wakijaa sebuleni watamjibia.

Kwa maandishi ya serikali, anza na wilaya. Kakamega ya wakati huo ni North Kavirondo, Kisumu ni Central Kavirondo, Kisii ni South Kavirondo. Ukitafuta kwa majina ya kaunti za leo utaambiwa hakuna. Ripoti za mwaka za DC ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Mle ndani tumia penseli. Shajara za kila siku za batalioni ziko hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, Kew, London: mafungu ya WO (War Office, wizara ya vita) 169 yana vikosi vya huku na Mashariki ya Kati, WO 172 yana vya Burma. Orodha yake inasomwa bure kwenye intaneti, na jamaa aliye London anaweza kupiga picha kurasa bila malipo. Kasoro yake ni kwamba maofisa hutajwa majina, askari huhesabiwa tu: wawili hawajulikani walipo, mmoja amejeruhiwa. Hiyo inakupa tarehe na mahali, haikupi mtu.

Orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ni rahisi kuipekua, lakini ina waliokufa kabla ya mwisho wa 1947 peke yao. Aliyerudi nyumbani hayumo. Mimi naitumia kutafuta wenzake wenye namba zinazokaribiana na yake.

Mlango wa mateka wenyewe ni Msalaba Mwekundu, Geneva. Kadi za 1914 hadi 1918 ziko wazi kwenye intaneti. Za vita vya pili huombwa, na maombi hupokewa kwa vipindi. Nafasi zikijaa yanafungwa, kwa hiyo andaa kila kitu mapema. Andika jina kwa kila tahajia, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, namba pamoja na herufi zake, kikosi, na kwamba alikuwa jeshi la Uingereza kutoka koloni la Kenya. Mkataba wa 1929 ulimtaka mateka ataje jina na cheo, au namba yake. Huenda kadi yake ina namba bila jina.

Nimeipa familia kurasa tatu. Hakika: aliandikishwa, alihamishwa, aliachiwa. Inaelekea: alishikwa kaskazini 1940, akawa huru kabla ya Desemba 1941, kisha akawekwa kulinda Waitaliano mpaka mwisho, na miaka minne ni jumla ya pande zote mbili za seng'enge. Masimulizi: Wajapani. Ombi la Geneva limeandikwa kwa jina la mjukuu mwenye cheti cha kuzaliwa kinachofuata ukoo hadi kwa mzee, nakala imegongwa muhuri kwa wakili, na linasubiri kipindi kifunguliwe.