Kwenye hati ya mashtaka hakuna "wananchi wenye hasira kali"

Jumatatu nimefika kazini nikakuta mama mmoja kakaa kwenye ngazi, mlango haujafunguliwa bado, kashika mfuko wa nailoni una mswaki, kipande cha sabuni na ndala mpya, akitoka pale anapanda daladala kwenda gerezani kwa mwanae aliyeko mahabusu. Mi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, watu wanatuchanganya sana. Nikamkaribisha ndani, nikamwambia shikamoo mama, hata marahaba hakuimaliza vizuri akaniuliza, "Mwanangu, eti kibao kimoja nacho ni kuua?"

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane ila kisa chenyewe ni hiki. Kijana wake ni bodaboda. Siku hiyo mtaani ikapigwa yowe la mwizi, jamaa kadakwa na simu isiyo yake, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya umeme wakaanza kumshushia kichapo, huyu kijana akapaki pikipiki, akapenya, akamzaba kibao, akarudi kwenye pikipiki yake kufuata abiria. Yule jamaa akafia njiani kupelekwa hospitali. Leo kijana ni mshtakiwa wa nne kati ya sita, kosa mauaji ya kukusudia, na kosa hilo halina dhamana, kwahiyo kila baada ya wiki mbili anapandishwa karandinga kesi inatajwa anaambiwa upelelezi haujakamilika anarudishwa.

Sasa jamani hili neno "wananchi wenye hasira kali" tumelizoea mno, kwenye taarifa ya habari, kwenye magazeti, utasikia mtuhumiwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali basi habari imeisha, yaani kama vile ameuawa na radi. Ila ukifungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, humo hakuna mtu anaitwa wananchi. Na kwenye hati ya mashtaka kuna mshtakiwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja na jina lake na umri wake.

Na hiyo sheria ni ya muda mrefu, imeanza kutumika tangu Septemba 1945 enzi za mkoloni, na kifungu kinachowabeba watu wa aina hii wengi wetu tunakijua kwa namba 23 (natumia namba za toleo la 2022, ndilo lililopo mezani kwangu). Kinasema kwa maneno ya kawaida hivi, watu wawili au zaidi wakiwa na dhamira ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya hilo jambo likatokea kosa ambalo lilitarajiwa kabisa kutokea, basi kila mmoja wao anahesabika kalitenda. Hakuna sharti la kikao. Hamhitaji kujuana wala kupanga jana yake, mahakama inaweza kuiona hiyo dhamira kwenye matendo yenu palepale kwenye nguzo.

Hapo mama akanikatiza, lakini kijana wangu hakutaka yule jamaa afe. Nikamwambia mama, kwenye mauaji sheria haiulizi tu kama ulitaka afe. Nia ovu inakuwepo hata kama ulikusudia kumuumiza vibaya tu, au ulijua unachofanya kinaweza kuua ukaendelea. Na kwa kuwa hakuna anayepiga huku anatangaza nia yake, Mahakama ya Rufani kwenye Rufaa ya Jinai namba 150 ya 1994 ilieleza vitu vya kuangalia: silaha gani na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, kiungo kilicholengwa, idadi ya mapigo, majeraha, maneno aliyotoa mpigaji, na alivyofanya kabla na baada ya tukio. Kwa kijana wake hapo ndo pa kushika, kwasababu mkono mtupu sio tofali, kibao kimoja sio ishirini, na kuondoka kufuata abiria sio sawa na kubaki hadi mwisho. Wakili wake akizibana hizo hoja vizuri kuna tofauti kubwa mno, kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa, wakati kuua bila kukusudia hakimu au jaji ana uwanja wa kupima. Na kuwepo tu eneo la tukio hakumfanyi mtu mhalifu, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndo ina mzigo wa kuthibitisha. Tatizo ni kwamba yeye hakuwepo tu. Alipiga, na kwenye maelezo yake ya onyo polisi, yale mtu anayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, amekiri mwenyewe.

Kuna watakaosema lakini si alikuwa mwizi kweli. Sawa, tuseme alikuwa mwizi. Hakuna hakimu nchi hii mwenye uwezo wa kumhukumu mtu kifo kwa simu, halafu sisi tunajipa huo uwezo chini ya nguzo ya umeme! Raia anaruhusiwa kumkamata mwizi, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kujitetea na kutetea mali yako kupo kwenye sheria ila kwa nguvu ya kiasi, na mtu ukishamfunga kamba unajitetea na nini?

Kinachoniuma zaidi ni kifungu cha 8, kutojua sheria sio utetezi, wakati sheria yenyewe imekaa miaka na miaka kwa Kiingereza. Mabadiliko ya kuileta kwenye Kiswahili yamepitishwa 2021. Yule kijana akiwa shule ya msingi nani alimsomea kifungu cha 23?

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi yale mambo ya kuangalia, akampe wakili atakayepangiwa na serikali. Nikaandika yote saba. Akaikunja akaitia kwenye mfuko, katikati ya sabuni na ndala, halafu akauliza kama gerezani wataiacha ipite. Nikamwambia mama, hiyo baki nayo wewe, kesi inatajwa tena Alhamisi, tutaenda wote.