Nilivyohangaika na kalori mpaka nikaja kuangalia protini

Naanza na namba ili tuelewane, nilikuwa kilo 91 na urefu wangu sm 170. Nikapakua apu ya kuhesabu kalori, nikajipangia 1,600 kwa siku basi, zinatoka wapi hilo sikulijali kabisa. Asubuhi chai ya maziwa na chapati, mchana wali maharage kwa mama ntilie, jioni nikiona zimebaki 300 nakula mkate nalala.

Kilo zilishuka kweli, wiki saba nikawa 86, ila jamani ile njaa! Ikifika saa kumi jioni kazini kichwa kinauma, gym uzito niliokuwa nanyanyua vizuri tu ukaanza kunishinda, na kiuno nikipima na futi ya fundi kimepungua sm 2 tu. Iliniuma sana maana nilikuwa najinyima kweli kweli.

Kocha wa pale gym akaniuliza, kaka, protini unakula gramu ngapi kwa siku? Sijui. Tukapiga hesabu ya chakula cha jana yake, hata 45 hazikufika. Akanielewesha kwamba kalori ukizipunguza mwili lazima upungue, ila protini ikiwa ndogo unapungua mafuta pamoja na misuli. Akaniambia nilenge protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mimi nikaweka 130, kalori nikapandisha mpaka 1,800. (Mwenye shida ya figo aongee na daktari kwanza, hii sio ya kuigana.)

Hesabu yenyewe ni nyepesi, gramu ya protini kalori 4, wanga 4, mafuta 9. Hiyo 9 ndo ilinifumbua macho. Siku moja nikaweka sufuria juu ya mzani nikamwambia mama watoto mimina mafuta kama siku zote, ikasoma gramu 70. Kalori 630 hizo, hata kitunguu hakijaingia! Na mimi siku zote kwenye apu naandika "mchicha bakuli moja". Akaniuliza, baba Junior, sasa hiyo mboga italika kweli? Tukajaribu vijiko viwili, ikalika.

Maharage nayo nilikuwa nayahesabu kama protini tupu, kumbe kikombe kilichopikwa kina protini kama gramu 15 na wanga kama 40, kwa hiyo ukiyapandia na sahani ya wali umekula wanga juu ya wanga. Sikuyaacha, nilipunguza wali. Kilichoniokoa mfukoni ni dagaa wakavu, gramu 50 tu unapata protini zaidi ya 25, halafu mayai matatu asubuhi, mtindi, na kuku siku nikiwa na hela. Ile protini ya unga ya kwenye makopo sikununua.

Nilijaribu kufuatilia vyote vitatu, wanga, mafuta na protini, wiki mbili nikachoka, kila siku kimoja kimezidi kingine kimepelea. Nikabaki na namba mbili tu, jumla ya kalori na protini, vingine vijipange vyenyewe.

Miezi minne baadaye nikawa 81, polepole kuliko mwanzo, ila kiuno kimetoka sm 9 na uzito wangu wa gym umerudi. Mzani bado uko jikoni pale pembeni ya jiko, na siku hizi mama watoto ndo anaupimia mafuta kabla hata sijafika nyumbani.