Siku moja maishani mwangu: kukagua njia katika nyasi zilizoungua za Shimba Hills

Kazi yangu ni kuwaongoza watu wanaopenda kutembea kwa miguu nje ya mji, na sehemu ya kazi hiyo ambayo wageni hawaioni kamwe ni ukaguzi wa njia. Safari hii niliombwa kuwapeleka wanafunzi wa chama cha mazingira katika Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, mahali ambapo moto wa mwishoni mwa kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ulikuwa umepita kwenye nyasi na kuula ukingo wa msitu. Kabla ya kukubali ilinibidi nijue sehemu zipi zinapitika na zipi haziguswi.

Saa kumi na moja alfajiri, baada ya swala, nilifunga mkoba. Katika ardhi iliyoungua mavazi si jambo la urembo: shati na suruali za pamba, kwa kuwa nailoni huyeyuka ikiguswa na kaa la moto, buti za ngozi zenye soli nene, na barakoa ya kuzuia vumbi la majivu. Maji nilibeba mengi kuliko kawaida. Fimbo ya mti mgumu, yenye urefu wa kunifika kifuani, ndiyo iliyokuwa chombo changu kikuu siku hiyo.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshavuka feri na kukaa Likoni mbele ya sahani ya mahamri na mbaazi. Matatu ya Kwale haikuchelewa kujaa, tukapinda Kombani na kuanza kupanda vilima, ambako hewa hubadilika hata kwa mtu aliyefumba macho.

Saa mbili na robo nilikutana na askari wa wanyamapori aliyepangiwa kufuatana nami, mzee wa makamo mwenyeji wa huko huko Kwale. Humo hifadhini mtu hatembei kwa miguu peke yake, kwa sababu ya ndovu na nyati, na moto hauwafukuzi kwa muda mrefu kama watu wanavyodhani.

Tulianzia kwenye nyasi. Kwa mbali kilima kizima kilikuwa cheusi, lakini nilipopiga magoti niliona kwamba kila shina la nyasi lililobaki kama kisiki cha brashi lilikuwa limekwisha kutoa majani membamba ya kijani, mengine marefu kuliko kidole changu cha shahada. Nyasi hukulia chini, si kwenye ncha, na machipukizi yake hukaa usawa wa udongo au ndani yake. Moto wa nyasi hupita kwa kasi, na udongo haupitishi joto kwa urahisi, basi kinachoungua ni kile kilichokuwa kimekauka tayari. Hata mtapo mmoja tuliokutana nao, mmea unaofanana na mnazi mfupi, shina lake likiwa limegeuka mkaa kwa nje, ulikuwa umefungua taji jipya la makuti laini katikati.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolia kila waonapo picha ya kilima cheusi. Shimba Hills, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968, ndipo mahali pekee nchini Kenya palahala, aina ya swala wakubwa, wanapoishi porini, na mnyama huyo hutegemea nyasi changa. Nyasi zikiachwa miaka mingi bila moto, vichaka huingia na kuzifunika, na malisho yake hupungua. Ndiyo sababu wasimamizi huchoma vipande kwa makusudi, kwa zamu. Tuliwaona palahala kadhaa upande wa pili wa bonde, dume mmoja mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma akiwa amesimama katikati ya masizi na majike ya rangi ya kahawia, wote wakila.

Saa tano tulifika ukingo wa msitu, na hapo mambo yakawa mengine kabisa. Miti ya msituni ina maganda membamba, haikuzoea moto, na mingi ilikuwa imesimama mikavu. Masizi kwenye mashina yalipanda juu zaidi upande wa kusini-magharibi, upande uliokingwa dhidi ya upepo, kwa sababu ndimi za moto hujizungusha nyuma ya shina na kupanda. Kwa hiyo mtu akisoma mashina matano sita anajua moto ulisukumwa na kaskazi kutoka wapi kwenda wapi.

“Kijana, piga fimbo kwanza,” mzee aliniambia nilipoinua mguu kuelekea kwenye duara la majivu meupe. Nikapiga, na fimbo ikazama hadi karibu na kiwiko changu. Palikuwa na kisiki, moto ukaingia mizizini na kuila polepole chini kwa chini, ukaacha mashimo yaliyofunikwa na gamba jepesi la majivu. Nilipoichomoa, ncha ya fimbo ilikuwa na joto. Majivu meusi yana mkaa ndani yake, maana yake kuni hazikuungua zote. Meupe ni dalili ya moto uliokaa mahali hapo muda mrefu na kumaliza kila kitu. Tangu hapo tulizunguka kila doa jeupe.

Nilifanya pia jaribio dogo ambalo hulifanya kila nikaguapo mteremko ulioungua. Nilimwaga kifuniko kimoja cha maji kwenye udongo wa nyasi, yakanywewa papo hapo. Nilipomwaga kifuniko kingine chini ya miti iliyoungua, baada ya kupangusa majivu, maji yalijikusanya kuwa tone kubwa linalong'aa, yakabaki juu ya udongo hadi nikachoka kuyatazama. Moto mkali huyageuza mafuta ya majani yaliyooza kuwa utando unaokataa maji. Mvua ya masika ikishuka hapo haitazama. Itateremka na kuchukua udongo.

Jambo hilo linatuhusu hata sisi tulio kisiwani, kwa kuwa chemchemi za Marere, zilizo katika vilima hivi, hupeleka maji Mombasa.

Saa saba tulikula tende na mihogo juani, si kwa kupenda. Kivuli pekee kilikuwa chini ya miti mikavu, na mti wa namna hiyo huanguka bila upepo wala onyo. Ardhi nyeusi hufyonza joto la jua, nalo lilipenya soli.

Alasiri tulishuka kuelekea maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 21 hivi. Bonde lile lenye unyevu halikuguswa na moto. Njiani nyayo za ndovu zilikuwa zimechapwa kwenye majivu, mikunjo ya ngozi ikionekana, na mzee alitazama kingo zake kisha akatupitisha upande mwingine bila maelezo mengi.

Saa moja usiku nilikuwa ndani ya matatu nikinuka moshi, na abiria wa kando yangu akafungua dirisha kwa adabu.

Saa tatu, baada ya kuoga mara mbili, niliwaandikia walimu. Wanafunzi watapita kwenye nyasi asubuhi na kushuka bondeni kwa njia ya kawaida. Ukingo wa msitu watautazama kutoka barabarani, wala hautaingiwa mpaka masika ipite na miti iliyolegea ianguke. Viatu viwe vya kufunika kidole, mavazi yawe ya pamba, na mwenye pumu abaki nje ya eneo la majivu hata akisema anajisikia vizuri.